Pro Bono: Deni la Mawakili kwa Umma

Leo nataka tuzungumze juu ya maneno mawili ambayo siku hizi hayakosekani redioni, magazetini na kwenye viwanja vya mahakama: pro bono. Wakili akiulizwa na waandishi wa habari ni nani anayemlipa katika kesi ya wanakijiji walioondolewa kwenye ardhi yao, hujibu, "Hii nimeichukua pro bono." Daktari wa macho akipima wazee Jumamosi nzima bila kutoza hata senti, tunasema amefanya pro bono. Na mtu wa kawaida akiulizwa maana yake, atajibu kwa neno moja tu: bure.

Jibu hilo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo iliyonileta mbele ya kipaza sauti. Maneno haya ni ya Kilatini, na yamekatwa mkia. Kwa ukamilifu wake ni pro bono publico, yaani kwa ajili ya manufaa ya umma. Humo ndani hamna neno bure. Hamna maskini wala hisani. Kuna umma, na kuna manufaa yake. Kazi hiyo inaweza kumfikia mteja bila malipo, na mara nyingi ndivyo inavyokuwa, lakini anayeitwa kunufaika ni sisi sote. Tukilisahau hilo, tunaanza kumtazama wakili wa namna hiyo kama mtoa sadaka, na mteja wake kama mtu wa kushukuru kwa chochote atakachopewa, kiwe kizima au kibovu. Hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Kilatini ni cha Waroma, lakini si wao walioyafanya maneno haya kuwa jina la utetezi usiolipiwa. Katika magazeti ya Uingereza ya karne ya 18 na ya 19, mtu aliyetaka kulalamikia jambo la mji bila kutaja jina lake aliandika barua kwa mhariri na kuweka Pro Bono Publico mahali pa sahihi. Maana ya wakili anayemsimamia mteja bila ada ilishika mizizi baadaye sana, katika karne ya 20, hasa Marekani. Lakini wazo lenyewe, kwamba kumsemea mtu mahakamani ni kazi isiyopaswa kuuzwa kama ngano sokoni, hilo ni la Roma kweli, na historia yake inafaa tuisikilize kwa makini.

Mwaka 204 kabla ya Kristo, Roma ikiwa bado vitani na Hannibal wa Carthage, tribuni mmoja, yaani mwakilishi wa raia wa kawaida, aliyeitwa Marcus Cincius Alimentus, alipitisha sheria iliyokuja kujulikana kwa jina lake: Lex Cincia. Sheria hiyo ilimkataza mtu anayemtetea mwenzake mahakamani kupokea fedha au zawadi kwa kazi hiyo. Mzee Quintus Fabius Maximus, jemadari mwenye heshima kubwa siku hizo, aliiunga mkono. Kwa fikra za wakati ule, mtu mwenye elimu na cheo alikuwa na wajibu wa kuwasemea walio chini yake, na wao walimlipa kwa utii, kwa kura na kwa kumsindikiza njiani akienda barazani. Kuukodisha ulimi wake ilikuwa fedheha.

Sheria hiyo ilikuwa na kasoro moja kubwa: haikuweka adhabu. Na Waroma walijua kama tunavyojua sisi kwamba mkono mtupu haulambwi. Fedha ikaacha kupita mlango wa mbele, ikapita uani. Cicero, msemaji mashuhuri kuliko wote waliopata kusimama katika mahakama za Roma, aliandika kwa kujivunia kwamba alikuwa amerithishwa na marafiki zaidi ya sesterti milioni 20. Na alipotaka kununua nyumba ya kifahari kwenye kilima cha Palatine, alikopa sesterti milioni 2 kwa Publius Sulla, ambaye wakati huo alikuwa anaandamwa na mashtaka. Mwaka 62 kabla ya Kristo Cicero alimtetea Sulla huyo, na Sulla akaachiwa. Kwenye daftari ni mkopo tu, na sheria ya Cincius ilibaki mahali pake bila kuguswa.

Ilichukua zaidi ya miaka 100 baada ya hapo, na maiti ya mtu, jambo hili lisemwe waziwazi. Mwaka 47 baada ya Kristo, tajiri mmoja aliyeitwa Samius alimlipa wakili Publius Suillius sesterti 400,000 amtetee. Akaja kugundua kwamba Suillius anakula njama na upande wa pili. Samius alikwenda nyumbani kwa wakili wake na kujiua humo kwa upanga wake mwenyewe. Baraza la Seneti likachafuka. Wengine walidai Lex Cincia ifufuliwe na itekelezwe kikamilifu, mawakili wasipokee kitu. Mawakili nao wakajitetea, na hoja yao ukiisikia leo utadhani imetoka kwenye mkutano wa chama cha wanasheria wa juzi: sisi tunaacha shughuli zetu ili tushughulike na za wengine, askari anaishi kwa mshahara wa vita, mkulima kwa shamba lake, mkiondoa malipo, nani atakayejisumbua kusoma?

Mfalme Claudius aliona pande zote mbili zina neno. Akaruhusu malipo, ila akayawekea kikomo: sesterti 10,000 kwa kesi. Kwa kulinganisha, askari wa kawaida wa jeshi la Roma alikuwa anapata sesterti 900 kwa mwaka mzima. Kwa hiyo hata kikomo chenyewe kilikuwa mbali mno na mfuko wa mtu wa kawaida. Nimekaa sana Roma kwa sababu mabishano yale hayajaisha. Tangu siku ile, kila nchi yenye mawakili inarudi kwenye swali lilelile: kazi hii inamlisha anayeifanya, sawa, lakini asiye na cha kulipa aende wapi?

Uingereza ilijibu kwa sheria ya mwaka 1495, chini ya Mfalme Henry wa Saba. Maskini akithibitisha umaskini wake, mahakama ilimpa hati bila ada, na jaji akamteulia wakili ambaye hakutakiwa kupokea kitu. Kumbuka neno hilo, akamteulia. Wakili hakuombwa kuwa na moyo mwema; aliagizwa.

Sasa tuvuke bahari hadi Florida, Marekani, mwaka 1961. Katika mji wa Panama City mtu mmoja wa makamo, Clarence Earl Gideon, ameshtakiwa kwamba amevunja ukumbi wa mchezo wa pool na kuiba sarafu kwenye mashine. Ni mtu wa kutangatanga, amewahi kufungwa, hana fedha. Anamwambia jaji kwamba anaomba kupewa wakili. Jaji anamjibu kwamba anasikitika, sheria ya Florida inampa wakili asiye na uwezo pale tu kesi inapokuwa ya adhabu ya kifo. Gideon anajitetea mwenyewe, anawahoji mashahidi kadiri anavyoweza, na anapigwa kifungo cha miaka 5.

Akiwa gerezani alichukua karatasi za gereza na penseli, akaiandikia Mahakama Kuu ya Marekani kwamba alihukumiwa bila wakili na kwamba katiba haikuruhusu jambo hilo. Mahakama ikakubali kumsikiliza. Ikamteulia Abe Fortas, mmoja wa mawakili ghali kabisa wa Washington, mtu ambaye makampuni yalipanga foleni kumlipa. Fortas hakupokea ada. Aliifanyia kesi ya mwizi wa sarafu utafiti uleule ambao angeifanyia kesi ya kampuni kubwa, yeye na mawakili wa ofisi yake. Tarehe 18 Machi 1963, majaji wote 9 walikubaliana: mtu anayeshtakiwa kwa kosa kubwa na hana uwezo, serikali lazima imwekee wakili.

Kesi ilirudi Florida, ikasikilizwa upya mwezi Agosti mwaka huohuo. Safari hii Gideon alikuwa na wakili, Fred Turner, mtu wa palepale aliyefuatilia ushahidi mapema na kumbana shahidi mkuu kwa maswali ambayo Gideon peke yake asingejua kuyauliza. Ukumbi uleule, jaji yuleyule. Baraza la wazee wa mahakama lilikaa kama saa moja tu, likarudi na jibu: hana hatia.

Tazama kilichotokea hapo. Mtu mmoja alitetewa bila malipo, na kabla ya mwaka kwisha, maelfu ya wafungwa ambao Fortas hakuwahi kuwaona wala kusikia majina yao walikuwa na njia ya kudai kesi zao zisikilizwe upya. Hiyo ndiyo publico. Na lipo jambo kubwa zaidi: baada ya hukumu ile, mshtakiwa maskini wa Marekani hakuhitaji tena kumsubiri Fortas mwingine. Haki yake ilihama kutoka kwenye moyo wa wakili mmoja ikaingia kwenye bajeti ya serikali. Mimi naona hicho ndicho kipimo cha juu kabisa cha kazi ya pro bono: kwamba inaifanya hisani isihitajike tena pale ilipopita.

Chama cha wanasheria cha Marekani kinamtaka kila wakili ajiwekee lengo la saa 50 kwa mwaka za kazi ya namna hii, na jimbo la New York lilikwenda mbele zaidi: tangu mwaka 2015, anayeomba kuandikishwa kuwa wakili lazima kwanza awe ametoa saa hizo 50. Piga hesabu, msikilizaji. Ni siku sita za kazi na kidogo, kwa mwaka.

Kwa nini basi wakili, na si muuza duka la nguo? Nimewahi kusikia swali hili likiulizwa kwa uchungu na mawakili vijana wanaohangaika na kodi ya ofisi na ada ya leseni kila mwaka, na uchungu wao naujua kuwa ni wa kweli. Jibu langu ni hili. Sheria imemzuia kila mtu mwingine asifanye kazi hiyo. Mimi nikivaa koti jeusi nikasimama mbele ya jaji kumtetea jirani yangu, nitakamatwa. Umma umefunga mlango huo na ufunguo ukawapa mawakili peke yao, wajipatie riziki humo. Duka la nguo likinishinda bei, nitakwenda mnadani. Wakili akinishinda bei, sina mnada wa kwenda. Aliyepewa mlango peke yake anadaiwa na walioachwa nje. Ndiyo maana naiita kazi hii deni.

Wazee wetu walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na haki ya mnyonge aliyepewa wakili ni wakili anayefanya kazi. Hapa nitasema bila kuzungukazunguka, kwa sababu ni jambo linaloniuma. Wako mawakili wazuri ajabu wanaojitolea, wanaosafiri kwa basi usiku kucha kwenda kusimamia kesi ya mjane wilayani kwa nauli ya mfukoni mwao. Wako pia wanaoichukua kesi ya bure kama mtu anayebeba mzigo wa njiani. Anakutana na mshtakiwa kwa mara ya kwanza asubuhi ya kusikilizwa, kwenye korido, anamwuliza jina, anafungua jalada mbele ya jaji. Mashahidi wa utetezi hawajatafutwa. Kesi inaahirishwa kwa kuwa wakili yuko kwenye kesi nyingine, ile ya kulipwa. Mshtakiwa anarudi mahabusu na hawezi kulalamika, maana ameambiwa anasaidiwa. Huyo hajasaidiwa. Mahakama imepata jina la wakili la kuandika kwenye kumbukumbu zake, na yeye amepata hukumu yenye muhuri unaosema alitetewa. Rufani yake sasa ni ngumu kuliko ya yule aliyesimama peke yake.

Sisi tunaijua kazi ya umma isiyo na malipo. Watu wa Tanga na Kilimanjaro wanaiita msaragambo: baragumu likipigwa kila mtu anatoka na jembe lake kulima barabara. Hakuna anayechimba nusu ya kina kwa sababu hapati posho, kwani mvua ikija itapita palepale alipolegeza, na barabara itakatika kwa wote.

Na kwetu mambo haya yana historia yake. Mwaka 1967 Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kilianzisha kamati ya msaada wa kisheria, walimu na wanafunzi wakawasikiliza watu wasio na uwezo wa kulipa wakili. Nairobi, mwaka 1973, ndipo kilipoanza Kituo cha Sheria. FIDA ya Kenya, shirikisho la wanasheria wanawake, ikafuata mwaka 1985, kisha vyama vya wanasheria wanawake na vituo vingine Dar es Salaam na Zanzibar. Wengi wa watu waliofika kwenye milango hiyo walikuwa na mambo ambayo hayaandikwi kwenye kurasa za mbele: mirathi iliyochukuliwa na mashemeji, mtoto asiyetunzwa na baba yake, kiwanja kilichouzwa mara mbili, mshahara wa mlinzi ambao haukulipwa.

Serikali nazo zimetunga sheria. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 50, inampa mshtakiwa haki ya kuwekewa wakili kwa gharama ya serikali pale ambapo kukosa wakili kungeleta dhuluma kubwa, na inataka aambiwe haki hiyo mara moja. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya Kenya ni ya mwaka 2016. Yetu ya Tanzania ni ya mwaka 2017, na pamoja na mengine iliwatambua wasaidizi wa kisheria, wale wanawake na wanaume wa vijijini na kwenye kata wanaoelimisha watu, wanaowaelekeza pa kwenda na kusaidia hati zao ziandikwe vizuri. Hawasimami mahakamani, lakini kwa mtu wa kijijini ndio mlango wa kwanza, na mara nyingi ndio pekee ulio karibu.

Lakini sheria kuwapo ni jambo moja. Tangu mwaka 1969 Tanzania ilikuwa na sheria ya kumpa mshtakiwa maskini wakili katika kesi za jinai. Hata hivyo, mwaka 1998 mtu mmoja wa mkoa wa Kilimanjaro alihukumiwa miaka 30 jela kwa unyang'anyi wa kutumia silaha bila kuwa na wakili hata siku moja, na rufani zake zikagonga mwamba. Akiwa mfungwa, alifungua shauri namba 005 la mwaka 2013 katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha. Huko ndiko alikopata wa kumsemea: mawakili wa Umoja wa Wanasheria wa Afrika, bila yeye kutoa ada. Tarehe 20 Novemba 2015 mahakama ilitamka kwamba haki yake ilikuwa imevunjwa. Na ilisema neno ambalo kila hakimu na kila askari wa upelelezi anapaswa kulijua: kwa kosa zito lenye adhabu kali kiasi kile, mtu asiye na uwezo anastahili wakili hata kama hakuomba.

Hata kama hakuomba. Fikiria ni wangapi hawaombi, kwa sababu hawajui kwamba kuna cha kuomba. Wanaishia kwa vishoka nje ya uzio wa mahakama, wale wenye bahasha ya kaki na mhuri wa kuchonga, wanaotoza shilingi 50,000 kwa barua ambayo haitasomwa na mtu. Hao ndio wanaonufaika kila mara wakili anapoiona kazi ya pro bono kuwa ni upotevu wa muda.

Mawakili mnaonisikiliza, naomba hili moja. Chukueni kesi chache kuliko mnazotangaza, lakini mzifanye zote kama vile mteja amelipa ada kamili na anaweza kuwafukuza kesho. Chama chenu kiwe na daftari la kesi hizo na kimfuatilie kila aliyeipokea, ajulikane aliyefika mahakamani na aliyeagiza udhuru.

Na wewe msikilizaji mwenye kesi isiyo na wakili, usinunue bahasha ya kaki. Mwulize mtendaji wa kata ni nani msaidizi wa kisheria wa eneo lako, au nenda ofisi ya maendeleo ya jamii kwenye halmashauri yako. Kama ndugu yako yuko mahabusu kwa kosa zito, mwambie amweleze hakimu, kwa sauti na kwa Kiswahili, kwamba hana uwezo wa kuweka wakili na anaomba awekewe. Ukishapata wakili wa pro bono, mwulize maswali yote ambayo ungemwuliza wakili uliyemlipa: jalada amelisoma, mashahidi wako amekutana nao, tarehe ijayo atakuwepo yeye mwenyewe au atamtuma nani. Uliza bila kuona haya.